Damu ya Papa Murhula Kila Jumatatu

Kabla sijaiona maabara, niliisikia. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la ziwa, umeme ulikuwa umekatika, na mapazia yalifungwa kwa sababu dawa zetu nyingi zilichukia mwanga. Nilifungua mlango nikasimama katika giza. Mbele yangu kitu kilikuwa kinachemka bila moto: shhhhh, kama sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wanaotupwa kwenye mafuta, kisha kikatulia.

"Mulango!" sauti ya mwanamume ikafoka. "Upepo ya ziwa itaangusha tube zangu zote!"

Nikafunga.

"Kuya karibu. Ulisikia?"

"Nilisikia, Papa. Ni nini?"

"Ile njo damu yangu," akasema, na akavuta pazia kidogo ili nione.

Alikuwa Papa Murhula, fundi wa maabara, mtu mfupi, koti jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, na mkononi alishika gilasi ambayo povu lilikuwa limepanda hadi ukingoni. Ndani alikuwa ametia ile dawa ya kuoshea vidonda, maji ya oksijeni, kisha akadondosha tone moja la damu kutoka kidoleni mwake. Aliniambia kwamba katika damu ya kila mtu kuna wafanyakazi wadogo wasiolala, na kazi yao ni kuzima. Mwili ukifanya kazi unatoa sumu kama jiko linavyotoa moshi. Wao wanaivunja, inabaki maji na hewa. Povu lile lilikuwa hewa hiyo. Vitabu vya shule huwaita vimeng'enya. Yeye aliwaita wazima-moto.

"Siku utakosa kuisikia ile sauti," alisema, "uombe Mungu."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka shule ya wauguzi, nimeajiriwa hospitalini Bukavu, nimepanga chumba mtaa wa Nyalukemba. Sikujua kwamba sauti ile ndiyo ingenifanya nisitulie mpaka leo.

Wadogo zangu mnaoingia maabara siku hizi, ninyi mnapewa damu ya kulinganishia ikiwa ndani ya vichupa kutoka ng'ambo, na karatasi inayowaambia kilichomo. Mnaifungua, mnaipima kwanza, mkiona imetoa jibu la kwenye karatasi mnajua mashine haijadanganya. Sisi hatukuwa nayo. Hiyo ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipoambiwa tuyaache majina ya ubatizo na tuitane raia. Papa Murhula mwenyewe aliingia kazini akiwa Gaston, na mlinzi wa lango aliendelea kumwita Papa Gaston kwa kunong'ona, kama mtu anayepitisha magendo. Vitu vingi viliagizwa na vichache vilifika. Ile mashine yetu ya kupima rangi ilikufa taa yake kabla sijaajiriwa. Taa mpya ilikuwa imeshaagizwa, na naamini bado iko njiani.

Basi tulipima kwa macho. Kipimo cha chuma katika damu, kwa mfano, tulikifanya hivi. Damu ilizungushwa kwenye mashine ya mkono mpaka maji yake yajitenge juu. Maji hayo tuliyatia asidi, kisha dawa, na chuma kilichojificha kilijitokeza kwa rangi. Chuma cha kawaida kilileta waridi nyepesi, kama ukucha wa mtoto. Kikizidi, rangi ilikwenda kwenye wekundu. Tulisimama dirishani saa nne asubuhi, wakati mwanga wa ziwa umetulia, tukaweka karatasi nyeupe nyuma ya tube ya mgonjwa, na kando yake tube ya mtu mzima wa afya.

Mtu huyo mzima wa afya alikuwa Papa Murhula.

Kila Jumatatu, kabla ya chai, alikunja mkono wa koti akanipa mshipa wake. Damu ile ilitutumikia wiki nzima katika friji ya mafuta ya taa, ndani ya chupa iliyoandikwa M.M., Murhula Mushagalusa. Aliifanya kazi hiyo kwa fahari, kama shemasi anayewasha mshumaa.

"Sikunywaka kasiksi, ile pombe ya ndizi," aliniambia. "Sikuvutaka tumbako. Kila samedi niko ku salongo, ile kazi ya raia wote, na jembe yangu. Nani mu Bukavu muzima iko na damu safi kunipita?"

"Sera Mukubwa," nilisema. Huyo alikuwa mtawa aliyesimamia dawa.

"Sera Mukubwa iko na asira mu damu. Itaharibu kipimo."

Tulicheka. Nami kila Jumatatu nilimtoa damu bila kujiuliza lolote.

Lakini kwanza niwape kosa langu mimi, maana bila hilo hamtaelewa la pili.

Ilikuwa kiangazi, mabomba yamekauka, na nyuma ya maabara kulikuwa na pipa la maji ya mvua yaliyoshuka kutoka kwenye bati. Niliyaona meupe, matamu kwa macho. Nikaoshea tube zote za wagonjwa. Asubuhi iliyofuata wagonjwa wote walikuwa na chuma kingi. Wote! Mwalimu, mama mjamzito, hata mtoto wa kwashiorkor ambaye midomo yake ilikuwa myeupe kama karatasi. Nilikwenda kwa Papa Murhula nikikimbia, nikidhani nimegundua tauni.

Alitazama tube zile. Akatoka nje. Akarudi na kidole kimepakwa kutu ya bati, akanipaka puani.

"Chuma iko mwizi," alisema. "Inaingiaka fasi yote. Bati, pipa, pini, mukasi, ata kikomo ya uso yako ukigusa-gusa. Sasa kamata tube zote, uoshe na asidi, halafu maji ya kuchemsha na kutonesha, mara tatu. Ukimaliza uoshe tena juu ya ile mutoto uliyemupa utajiri ya chuma."

Kwa wiki nzima mlinzi wa lango aliniita Madame Pipa. Yashikeni hayo, wadogo zangu: ukipata jibu la ajabu, tazama kwanza maji yako, kisha mikono yako, ndipo umtazame mgonjwa. Nililishika somo hilo vizuri mno. Karibu liue mtu.

Mtu mwenyewe aliitwa Birindwa. Alikuwa mdogo wake Papa Murhula, baba mmoja mama mmoja, mfanyabiashara wa maharage aliyepanda boti kwenda Minova na kurudi, mwenye kicheko cha kusikika kutoka bandarini. Alipoletwa kwetu kicheko kilikuwa kimekwisha. Ngozi yake ilikuwa imeiva rangi ya majivu yaliyoloa. Ini lilijaa chini ya mbavu. Vidole viwili vya kila mkono vilimuuma hata akashindwa kufunga fundo la gunia, na mahali alipokojoa sisimizi walipanga mstari.

"Hii ni sukari," alisema Dokta Bisimwa. "Lakini sukari peke yake haifanye ile rangi."

Dokta Bisimwa alikuwa kijana, amesoma Kinshasa, anatembea haraka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Alikuja maabara, akachukua chaki akachora kwenye ubao jiko lenye makaa. Akatueleza kwamba kuna familia ambazo mwili wao haujui kukataa chuma. Watu wengine wakila maharage na mboga ya lengalenga, tumbo huchukua chuma cha kutosha na kuacha kingine kipite. Hao huchukua tu, mwaka baada ya mwaka, na mwili hauna mlango wa kukitolea. Kinalala kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kongosho, kwenye maungio ya vidole. Na hakilali kimya. Ile sumu ambayo wazima-moto huivunja kwa upole ikawa maji, chuma huikuta kwanza na kuigeuza cheche. Cheche zinachoma kuta za chembe za mwili. Wazima-moto wanaongeza bidii, kisha wanachoka.

"Ni kutu," alisema. "Mutu anashika kutu akiwa muzima. Vitabu vinasema ni ugonjwa ya bazungu."

"Sasa?" niliuliza.

"Sasa vitabu havikufikaka Bukavu."

"Na dawa yake?" Papa Murhula alikuwa ameegemea meza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kumutoa damu. Kila wiki, chupa muzima. Mwili utatengeneza damu ingine na itatoa chuma mu gala yake, mu ini. Lakini nisikilize, Papa. Ndugu yako iko zaifu. Kama si chuma, kama iko kitu ingine, nikimutoa damu nitamuua. Bila karatasi yenu sitamugusa."

Ndivyo ilivyokuwa. Uhai wa Birindwa ulingoja rangi ndani ya tube.

Tulimpima. Nilisimama dirishani na karatasi nyeupe, Birindwa kushoto, M.M. kulia. Rangi zilikuwa sawa; wekundu wa zote mbili tuliuhesabu ni wa dawa, maana sisi tulisoma tofauti tu. Tukapima pia wazima-moto, kwa njia ambayo Dokta Bisimwa aliitoa kwenye kitabu chake: unaipa damu maji ya oksijeni kwa muda uliopangwa, unaisimamisha kwa asidi, kisha unadondosha permanganati, ile ya zambarau tunayooshea saladi, ukihesabu matone mpaka rangi ikatae kufutika. Damu yenye wazima-moto hodari imeshamaliza sumu, kwa hiyo matone machache yanatosha. Waliochoka wameiacha, na matone yanaendelea kumezwa. Birindwa alimeza matone mengi. Lakini M.M. naye alimeza mengi vilevile.

Papa Murhula akaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa shule ya mapadri: kawaida.

"Aksanti Mungu," alisema. "Ndugu yangu hana ile ugonjwa."

Wiki mbili baadaye tukarudia. Kawaida. Mwezi uliofuata tena, kawaida. Dokta Bisimwa alizishika karatasi zile tatu kama mtu anayeshika barua ya kufukuzwa kazi. Wodini shangazi zao walikuwa wameanza kutaja jina la jirani mwenye wivu. Birindwa alikuwa amelala kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, na nilipompelekea chai aliniambia, "Dada, ninyi batu ya maabara munanipenda sana. Kila siku munaniambia siko mugonjwa. Nikikufa, mutaniandikia tena kawaida?"

Sikuweza kukaa kitini tangu siku hiyo. Nilifanya kazi nimesimama, nilikula nimesimama. Kitu kilikuwa kinanitembea chini ya ngozi. Nilijua kuna kosa, kama unavyojua kuna mtu chumbani kabla hujawasha taa, ila nilikuwa nalitafuta kwenye maji, kwenye asidi, kwenye mikono yangu. Papa Murhula ndiye aliyenifundisha nianzie hapo. Nilichemsha tube mpaka zikapasuka.

Halafu mkwe wa Papa Murhula akafa, na yeye akaenda matangani Walungu. Jumatatu ikafika bila yeye. Kwenye chupa ya M.M. yalikuwa yamebaki matone ya kutosha kipimo kimoja tu, na Dokta Bisimwa alikuwa ameomba Birindwa apimwe mara ya mwisho. Nilitazama mkono wangu. Nikafunga mpira kwa meno, nikajitoa damu mwenyewe.

Saa nne nikasimama dirishani.

Tube yangu ilikuwa waridi nyepesi. Ya Birindwa, kando yake, ilikuwa nyekundu kama nyanya mbivu.

Nilichofikiri kwanza, wadogo zangu, ni hiki: Madame Pipa, umerudia. Nilimwaga kila kitu. Niliosha kwa asidi, kwa maji ya kutonesha, mara tatu, nikaanza upya. Nikaenda langoni nikamwomba mlinzi damu yake kidogo.

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuokoa mutu."

"Basi uniite Papa Gaston wa pili," akasema, na akanyoosha mkono akiwa amefumba macho. Sera Mukubwa naye akatoa, akinung'unika. Mwanamke mmoja mfuaji wa mashuka akatoa. Nikaweka nne zetu, nikaweka ya Birindwa, na mwisho nikatia yale matone ya M.M. yaliyobaki.

Nne zilikuwa waridi. Mbili zilikuwa nyekundu.

Nilikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi, na nilikaa chini, sakafuni, mgongo umeegemea friji. Vitu nilivyokuwa nikiviona bila kuviona vikaanza kuja kimoja kimoja. Kwamba Papa Murhula alikuwa amenikabidhi pipeti zote tangu Krismasi akisema nahitaji mazoezi, na kwamba alipokea kikombe kwa viganja viwili, vidole vimenyooka. Kwamba chini ya dirisha la choo chetu kulikuwa na sisimizi. Na ngozi yake nilidhani ni uzee. Mtu unayemwona kila siku humwoni.

Alirudi Jumatano. Nilikuwa nimetafuta maneno siku mbili na sikuyapata. Ningemwambiaje mwalimu wangu kwamba mizani yetu ilikuwa yeye, na kwamba mizani imepinda? Basi nilifanya alichonifundisha. Nilipanga kwenye kibao tube sita zile zile, nilizozifungia ndani ya friji, majina yakiwa yametazama ukuta.

"Papa, nipangie hizi kwa rangi. Macho yangu inanidanganya."

"Macho ama tumbo? Ulikula?"

Alivaa miwani. Akasogeza karatasi nyeupe. Nilitazama mikono yake, jinsi alivyosukuma tube kwa fundo la kidole cha mwisho ili asitumie vile viwili vya mbele. Moja kushoto, ya pili kushoto, ya tatu kulia, akarudi, akakaza macho. Hakuna aliyepanga rangi kama yeye katika Kivu nzima.

"Hizi ine ziko kawaida," alisema. "Hizi mbili ziko na chuma, lakini chuma! Na angalia vile ziko moja, kama mapacha. Ulipima mutu moja mara mbili?"

"Hapana, Papa. Batu wawili."

"Ba nani?"

Nikazigeuza. Moja ilikuwa ya Birindwa. Nyingine ilikuwa M.M.

"Mulango," akasema polepole.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Kisha akalipuka. "Uliosha na maji ya pipa!"

"Na asidi, Papa, mara tatu. Na ile ine zilioshewa pamoja na hizi."

"Basi uliosha mubaya! Miaka ngapi mi nakufundisha, na ungali tu Madame Pipa!"

Alinipokonya brashi. Aliosha tube mwenyewe, kwa vidole vile, na niliona machozi ya maumivu yakimtoka lakini sikuthubutu kusaidia. Alijichoma sindano mwenyewe. Alizungusha mashine mwenyewe. Nilisimama kando, nikitembea hatua tatu kwenda na tatu kurudi, mpaka akaniambia niache, namtia kizunguzungu. Alipotia dawa ya mwisho akaishika tube juu, kuelekea ziwani. Wekundu ulikuja polepole, kutoka chini kwenda juu, na haukusimama.

"Kila lundi," alisema.

Jumatatu zote. Akaishusha tube kibaoni.

"Kila lundi, Nsimire. Nilimupima ndugu yangu na ugonjwa yake mwenyewe."

Mmeelewa, wadogo zangu? Ugonjwa ulikuwa mmoja, wa nyumba moja, umegawanywa na wazazi wale wale. Ukilinganisha kutu na kutu, hutaona kutu. Angekuwa mgonjwa wa ukoo mwingine labda tungeshangaa mapema kidogo, tungeona rangi imetofautiana hata kwa upande usiotarajiwa. Waliopauka kando ya M.M. tuliwaandika tu kwamba chuma chao ni kidogo. Lakini ndugu na ndugu walifanana kabisa, na kufanana huko ndiko tulikuita afya.

"Birindwa iko wapi?" akauliza ghafla, kana kwamba hakujua.

"Kitanda ya mwisho, Papa."

Akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia, na hakukimbia tena. Mlango aliuacha wazi, upepo ukaingia ukaangusha karatasi zote, na tube mbili zikavunjika sakafuni.

Alasiri ile ile Dokta Bisimwa alimtoa Birindwa chupa ya kwanza, nusu tu, kwa tahadhari, kiti kikiwa ndani ya maabara yetu kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Papa Murhula alimshika bega. Damu ikashuka kwenye mpira, nene, na Birindwa akaifuata kwa macho mpaka chupani.

"Gaston," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilisikia kicheko kikijaribu kusimama. "Unakumbuka pembe ya chuku ya maman? Ulimuchekaka. Ulisema kutoa batu damu ni mambo ya giza, ya batu hawakusoma. Leo ulisoma miaka yote ile, unanitoa damu, na unaimwanga. Maman yeye aliombaka kuku moja tu."

"Nyamaza, damu itakwama."

"Na weye? Utakaa lini mu hii kiti?"

"Ukimaliza weye."

Lakini Birindwa hakukubali. Wiki ya pili alikataa kukunja mkono mpaka kaka yake atangulie. Ndipo nilipomtoa Papa Murhula damu siku isiyokuwa Jumatatu, na haikuingia kwenye kichupa chochote cha kipimo. Dada yao mkubwa akaitwa kutoka Kabare. Alikuwa amezaa watoto tisa na alikuwa akipigwa chuku kila kichwa kilipomuuma. Tube yake ilikuwa na wekundu kidogo tu, maana uzazi na pembe vilikuwa vimemtoa chuma miaka yote. Alitutazama sisi wenye makoti meupe, akachukua kikapu chake, akasema atarudi siku tutakapokuwa na pembe nzuri.

Miezi ikapita. Kila mara nilihesabu matone ya zambarau, maana niliyapenda kuliko vipimo vyote. Dokta Bisimwa alinionya nisiyategemee. Ugonjwa wenyewe unaonekana kwenye chuma, alisema, na kuhusu wazima-moto bado wataalamu watabishana hadi nizeeke. Nimezeeka na bado wanabishana. Lakini chuma cha Birindwa kilipopungua, matone yake nayo yalipungua, moja, mawili, na siku moja alifunga fundo la gunia mbele yangu kunionyesha. Sukari haikumwacha. Boti ya Minova alirudi kuipanda.

Papa Murhula hakupona hivyo. Kwake kutu ilikuwa imekaa muda mrefu zaidi, moyoni pia. Lakini naamini kilichomchoma zaidi kilikuwa kabatini. Alitoa madaftari yote, ya miaka yote ya M.M., akayasoma ukurasa kwa ukurasa akitafuta neno kawaida mbele ya kipimo cha chuma. Pale ambapo daktari alikuwa ameandika ini, au rangi ya ngozi, au vidole, alinakili jina. Tulituma ujumbe kwa mapadri, kwa machifu, kwa wachukuzi wa chai. Wengine walikuja, tukawapima kwa damu mpya, na wengi wao hawakuwa na ugonjwa. Wengine hawakuja, na hatukujua kama ujumbe ulipotea au mtu ndiye aliyepotea. Mimi mpaka leo nikipita soko la Kadutu nikaona mtu mwenye rangi ile ya majivu yaliyoloa, miguu inanipeleka nyuma yake. Nimeshawahi kumfuata mzee wa watu mpaka nyumbani kwake. Alidhani nataka kumwibia.

Siku ya mwisho ya Papa Murhula kazini ilikuwa Jumatatu. Nilikuta amefika kabla yangu, bila koti jeupe, amevaa abakosti yake ya kahawia, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo, na viatu vya safari. Kwenye meza kulikuwa na ufunguo wa friji na begi dogo lenye tube zilizofungwa kwa pamba.

"Kungali mudogo wetu wa mwisho," alisema. "Alikwenda Shabunda kuchimba zahabu. Hatukumuonaka miaka minane."

"Shabunda? Papa, na ule moyo? Barabara ile inamaliza ata batu wazima. Tuma mutu."

"Nani atajua kuangalia vidole yake? Nani atamuambia, na atasadiki?" Akatabasamu. "Nikimuonyesha ngozi yangu atasadiki."

Dokta Bisimwa alikuwa ameshamkataza mara mbili. Nilijua hakuna neno langu litakalofika mahali la daktari halikufika. Nikazungukazunguka meza, nikahamisha vitu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa.

"Leo utatumia damu ya nani?" akauliza.

"Ya batu watano, Papa. Nachanganya."

"Fanya saba. Na usirudilie bale bale. Badilisha kila wiki, na usitoe ndugu wawili." Kisha akasita. "Nsimire. Niletee ile gilasi."

Nilijua gilasi gani. Nilitia maji ya oksijeni. Alijichoma kidole kwa shida, akadondosha tone, na tukainamisha vichwa vyote viwili. Shhhhh. Lilikuwa povu la chini, halikufika ukingoni, lakini lilisema.

"Bado banafanya kazi," alisema.

Alivaa begi begani. Upepo wa ziwa ulikuwa umeamka, karatasi zangu zikaanza kuinuka mezani, nami nikaziwekea mikono yote miwili. Kwa hiyo sikumpa mkono wa kwaheri. Papa Murhula alitoka, akageuka, akatazama tube zangu zilivyosimama kwenye kibao, na akaufunga mlango taratibu, akiusindikiza kwa kiganja mpaka ulipogusa fremu.